Kuipanga Foleni ya Ruta Nyumbani ili Mchezo wa Mtandaoni Usikwame: Mwongozo Kamili

Mchezo wa mtandaoni hauhitaji kasi kubwa ya intaneti. Mechi ya EA FC, PUBG Mobile au Call of Duty inapoendelea, kwa kawaida hutumia chini ya megabiti moja kwa sekunde, kiasi ambacho hata kifurushi kidogo cha faiba kinachouzwa Nairobi hukimudu mara kadhaa. Kinachouharibu mchezo ni kungoja. Pakiti ndogo, yaani kipande kidogo cha data, inayobeba amri yako ya kupiga shuti hufika kwenye ruta ikakuta mbele yake mamia ya pakiti kubwa za video, za masasisho ya simu na za picha zinazopelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, nayo hulazimika kusubiri zamu yake hadi mpinzani amekwisha kuuondoa mpira. Ndiyo maana mtu anayepandisha kifurushi kutoka megabiti 15 hadi 30 kwa matumaini ya kuondoa mikwamo mara nyingi hulipa zaidi kila mwezi na kubaki na tatizo lilelile: upakuaji mmoja mkubwa huijaza njia ya megabiti 30 sawasawa na ulivyokuwa ukiijaza ile ya 15.

Dawa yake ni kuipanga foleni, na foleni hiyo hupangwa ndani ya ruta kupitia mipangilio ambayo kwenye skrini huandikwa QoS (ubora wa huduma) au SQM (usimamizi erevu wa foleni). Watu wengi huifungua sehemu hiyo, wakaipa konsoli yao kipaumbele cha juu, wakaifunga na kudhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Hatua yenye faida kubwa ni kuiambia ruta kasi halisi ya njia yako, pungufu kidogo ya ile inayopimwa, kisha kuiachia kanuni nzuri ya ugawaji ifanye kazi. Nitaeleza sababu kwanza, kwa kuwa asiyeielewa huishia kubofya vitufe bila kujua kwa nini hakuna kilichobadilika.

Foleni huzaliwa wapi

Kila kifaa kinachopokea data kwa kasi kubwa na kuitoa kwa kasi ndogo huwa na sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi pakiti zinazongoja kutoka. Tuseme njia yako ya kupeleka data nje ni megabiti 10 kwa sekunde, na kifaa kilicho mwisho wa njia hiyo kina nafasi ya kuhifadhi megabaiti moja ya pakiti. Megabaiti moja ni megabiti nane, na megabiti nane zikitoka kwa kasi ya 10 kwa sekunde huchukua milisekunde 800. Maana yake ni kwamba simu moja ikianza kupakia video kwenye mtandao na kuijaza nafasi hiyo, kila pakiti ya mchezo itakayofika baadaye itangoja karibu sekunde nzima hata kabla haijatoka nyumbani. Hakuna mchezo wa kurusha risasi unaoweza kuvumilia hali hiyo.

Mhandisi Jim Gettys alianza kulieleza tatizo hili hadharani mwaka 2010. Mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni iitwayo CoDel, ambayo haijali foleni ina urefu gani bali hutazama pakiti zimengoja kwa muda gani. Kwa mipangilio yake ya kawaida, kungoja kukizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, kanuni hiyo huanza kuziangusha pakiti chache ili watumaji wapunguze mwendo. Kutoka hapo ikaja fq_codel, ambayo huupa kila mtiririko, yaani mfululizo wa pakiti za muunganisho mmoja, foleni yake na kuzihudumia foleni hizo kwa zamu, huku mtiririko unaotuma pakiti chache kwa vipindi ukitangulizwa. Mchezo wa mtandaoni una tabia hiyohiyo ya pakiti chache, ndogo, kwa vipindi vya kawaida. Kwa hiyo kanuni hii huutambua mchezo kwa mwenendo wake, bila wewe kutaja jina la mchezo wala namba ya mlango wake (port), yaani namba inayoitambulisha huduma kwenye mtandao. Kizazi kilichofuata kiliitwa CAKE, nacho kiliingizwa kwenye toleo la 4.19 la kiini cha Linux, programu endeshi inayotumiwa na ruta nyingi, mwaka 2018. Pamoja na kugawa kwa haki baina ya mitiririko, CAKE inaweza kugawa kwa haki baina ya vifaa, jambo lenye manufaa makubwa katika nyumba ya watu wengi.

Kanuni hizi zote zina sharti moja: foleni lazima iwe ndani ya ruta yako. Ikiwa ruta inaweza kutoa pakiti kwa megabiti 1,000 kwenda kwenye kisanduku cha faiba, na kisanduku hicho ndicho kinachobanwa na kikomo cha megabiti 15, foleni itarundikana kwenye kisanduku au kwenye mitambo ya mtoa huduma, na ruta yako haitakuwa na chochote cha kupanga. Mlinzi wa lango hawezi kupanga foleni iliyoko kwenye lango la mtaa mwingine. Kwa kuweka kikomo pungufu kidogo ya kasi halisi, unaihamisha foleni hadi kwenye lango lako mwenyewe. Ukilishika wazo hili, mengine yote katika mwongozo huu ni utekelezaji tu.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, wala si kwa Wi-Fi, ili kipimo kisichafuliwe na hali ya hewani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike `ping -t 1.1.1.1`. Anwani hiyo ni ya Cloudflare, kampuni yenye mitambo hapa Nairobi, kwa hiyo namba unayoiona huakisi zaidi hali ya nyumbani kwako na ya mtoa huduma wako kuliko safari ya kuvuka bahari. Iache amri hiyo iendelee kwa dakika moja wakati hakuna anayetumia intaneti, na uandike namba za kawaida za muda wa kusubiri, zinazoonyeshwa kwa milisekunde (hiyo ndiyo pingi). Kisha anzisha upakuaji wa faili kubwa na utazame namba zinavyopanda. Usimamishe, halafu upakie video ndefu kwenye hifadhi ya mtandaoni na utazame tena. Nyongeza isiyozidi milisekunde 20 au 30 haina madhara makubwa. Nyongeza ya 100 au zaidi inathibitisha kwamba una foleni isiyosimamiwa, na mwongozo huu utakufaa. Ikiwa namba hazipandi hata kidogo huku mchezo ukiendelea kukwama, ruka hadi sehemu ya mwisho, maana tatizo lako halimo kwenye foleni.

Jaribio la tovuti ya Waveform, pamoja na yale ya Speedtest na Fast.com, pia huonyesha muda wa kusubiri njia ikiwa tupu na ikiwa imejaa. Soma namba hizo mbili, si kasi peke yake.

Pima kasi nyakati tofauti, na hasa kati ya saa mbili na saa nne usiku. Faiba ya majumbani kwa kawaida hutumia mfumo uitwao GPON, ambamo waya mmoja kutoka kwa mtoa huduma hugawanywa kwa nyumba kadhaa, mara nyingi 32 au hata 64, zinazoshirikiana takriban gigabiti 2.5 za kupakua na 1.25 za kupakia. Katika mitaa yenye magorofa yaliyosongamana kama Pipeline, Umoja au Roysambu, kasi ya saa nne asubuhi inaweza kutofautiana na ya saa tatu usiku. Wewe unacheza usiku, kwa hiyo kipimo cha usiku ndicho cha kufanyia hesabu.

Hatua ya pili: kila kifaa kipite kwenye ruta moja

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hupotelea. Nyumba nyingi zina kisanduku cha faiba kilichowekwa na fundi wa mtoa huduma, ambacho chenyewe hutoa Wi-Fi. Mwenye nyumba hununua ruta bora, akaichomeka nyuma ya kisanduku hicho na kuipangia foleni vizuri. Lakini runinga ya sebuleni na simu za watoto huendelea kutumia Wi-Fi ya kisanduku cha zamani, kwa sababu hakuna aliyebadilisha nywila kwenye vifaa hivyo. Data ya runinga haipiti kwenye ruta mpya hata kidogo, na ruta haiwezi kuipanga foleni isiyoiona. Izime Wi-Fi ya kisanduku. Njia rahisi ya kuwahamisha watu bila malalamiko ni kuipa ruta mpya jina na nywila zilezile zilizokuwa kwenye kisanduku, ili vifaa vyote vijiunge vyenyewe.

Kilicho bora zaidi ni kumwomba mtoa huduma akiweke kisanduku katika hali ya daraja (bridge), yaani kipitishe data tu bila kugawa anwani. Akikataa, unaweza kuendelea na vifaa viwili vinavyofuatana, mradi anwani zao zisigongane. Kisanduku kikitumia 192.168.1.1 na ruta yako ikatumia namba hiyohiyo, badilisha ya ruta iwe, kwa mfano, 192.168.50.1. Kisha, ikiwa kisanduku kinakuruhusu, iweke anwani ya ruta yako katika sehemu iitwayo DMZ ili miito inayotoka nje iifikie moja kwa moja.

Hatua ya tatu: chagua ruta inayoweza kazi hii

Kwa kifurushi cha megabiti 15 hadi 50, ruta yoyote ya kawaida inayokubali OpenWrt, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, au ruta ndogo ya chapa ya MikroTik inayotumia programu yake ya RouterOS ya toleo la 7, inatosha. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo kanuni hizi zinavyodai nguvu ya kichakataji, na ruta ndogo za zamani huelemewa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: umeweka kikomo cha megabiti 90 lakini jaribio linaonyesha 55, na ukiuzima mpango wa foleni kasi inarudi. Katika hali hiyo huna budi kutafuta ruta yenye nguvu zaidi au kukubali kikomo cha chini.

Ukienda kununua Luthuli Avenue au dukani kwingineko, usiulize kama ruta ni ya michezo. Uliza jina kamili la modeli pamoja na toleo la maunzi, ambalo huandikwa kwenye kibandiko cha chini, kisha ulitafute kwenye orodha ya vifaa vya OpenWrt kabla ya kulipa. Modeli moja inaweza kuwa na matoleo matatu yenye vichakataji tofauti kabisa, na moja tu kati ya hayo likakufaa. Antena nne za juu na taa za rangi hazisemi lolote kuhusu foleni.

Hatua ya nne: weka kikomo cha kasi

Chukua kipimo cha usiku na ukizidishe kwa 0.9. Tuseme umepima megabiti 14.2 za kupakua na 13.6 za kupakia. Utaanza na takriban 12.8 na 12.2. Kuwa mwangalifu na vipimo, kwa sababu ruta nyingine hudai kilobiti kwa sekunde, na hapo utaandika 12800 na 12200. Ukiandika 12.8 mahali panapodaiwa kilobiti, nyumba nzima itakosa intaneti hadi urekebishe.

Kwenye OpenWrt, ingia kupitia kivinjari kwa anwani ya 192.168.1.1, au ile uliyoibadilisha, uende System, kisha Software, na usakinishe kifurushi cha `luci-app-sqm`. Baada ya hapo, chini ya Network utaona SQM QoS. Chagua kiolesura cha wan, yaani kile kinachoelekea kwa mtoa huduma. Kama unaunganishwa kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila ulizopewa na mtoa huduma, chagua `pppoe-wan`. Jaza kasi mbili ulizokokotoa. Katika kichupo cha kanuni ya foleni chagua `cake` na hati ya `piece_of_cake.qos`, ambayo ndiyo sahili zaidi na inayofaa nyumba nyingi. Katika kichupo cha Link Layer Adaptation chagua Ethernet na uweke 44 kama nyongeza ya kila pakiti, namba iliyo salama kwa asiyejua undani wa njia yake. Hakikisha uharakishaji wa kutumia maunzi, ulio katika sehemu ya ukuta wa moto (Firewall), umezimwa, kwa sababu huipitisha data kando ya foleni. Hifadhi na uwashe.

Ikiwa mnaishi wengi, rudi kwenye kichupo cha kanuni ya foleni, fungua mipangilio ya kina na uongeze `nat dual-dsthost ingress` upande wa kupakua na `nat dual-srchost` upande wa kupakia. Maneno haya huiagiza CAKE igawe kwanza kwa kila kifaa, ndipo igawe kwa mitiririko ndani ya kifaa. Bila hayo, kompyuta inayopakua kwa miunganisho 30 kwa pamoja huhesabiwa kama wateja 30, na simu yenye muunganisho mmoja hupata sehemu ndogo mno. Kati ya mistari yote ya mwongozo huu, huu ndio ningekuomba usiuruke.

Kwenye MikroTik, fungua Winbox, programu ya kupangia ruta hizo, uende Queues, kisha Queue Types, na uunde aina mpya ya `cake`. Katika Simple Queues ongeza foleni moja ambayo lengo lake ni mtandao wako wote wa ndani, kwa kawaida 192.168.88.0/24, ujaze vikomo viwili vya kupakia na kupakua, na katika kichupo cha Advanced uchague aina uliyoiunda. Halafu nenda IP, Firewall, Filter Rules, na uizime kanuni ya FastTrack. Watu wengi husahau hatua hii. FastTrack huzipitisha pakiti bila kuzipeleka kwenye foleni sahili, kwa hiyo ikibaki imewashwa utaona foleni yako ipo lakini haihesabu kitu.

Ruta za TP-Link za Archer na za Asus zina QoS yake ya kiwandani. Kwenye TP-Link nyingi huwa chini ya Advanced, ambapo utajaza kasi ya kupakia na ya kupakua, kisha uchague vifaa vya kutangulizwa. Jaza kasi zilezile za asilimia 90, usijaze ukubwa wa kifurushi kama ulivyotangazwa. Kwenye Asus, chagua kujaza kasi mwenyewe badala ya kuiachia ruta ikadirie. QoS hizi za kiwandani haziifikii CAKE kwa ubora, lakini kikomo kikiwekwa sawasawa, nafuu yake huonekana mara moja.

Kipaumbele cha kifaa, na hatari yake

Ikiwa ruta yako haina kanuni ya ugawaji wa haki, huna budi kutumia kipaumbele. Kwanza kipe kifaa cha mchezo anwani ya kudumu katika sehemu ya DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, ili kanuni uliyoiandika isipoteze mlengwa wake ruta inapozimwa na kuwashwa. Kwa anayecheza kwa simu kuna jambo la ziada. Android kuanzia toleo la 10 na iOS kuanzia la 14 huonyesha mtandao anwani bandia ya kifaa (MAC) badala ya ile ya kiwandani, na anwani hiyo ikibadilika ruta hudhani ni simu nyingine. Fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu, uchague mtandao wa nyumbani peke yake, na uiamuru simu itumie anwani yake halisi.

Hatari ya kipaumbele ni kwamba hutolewa kwa kifaa, si kwa mchezo. PlayStation uliyoitanguliza kuliko vifaa vyote ikianza kupakua sasisho la gigabaiti 60, sasisho hilo nalo litatangulizwa, na ndugu yako aliye kwenye mkutano wa Zoom au mwanafunzi anayefanya mtihani wa mtandaoni atakatikiwa. Nimesisitiza ugawaji wa haki tangu mwanzo kwa sababu hii. Ruta ni ya nyumba nzima, na mpango unaomfaa mchezaji peke yake hautadumu. Siku moja mwenye kulipa bili ataufuta, na atakuwa na haki.

Ukiweza, weka kanuni kwa namba ya mlango badala ya kifaa. Huduma ya Xbox hutumia mlango wa UDP 3074, na PlayStation hutumia UDP 3478 na 3479 miongoni mwa mingine. Michezo mingi ya simu hubadilisha milango kila mara, kwa hiyo njia hii haiifai sana.

Wi-Fi

Foleni iliyopangwa vizuri haiwezi kuokoa pakiti iliyopotea hewani kati ya chumba cha kulala na sebule. Konsoli na kompyuta ya kuchezea ziunganishwe kwa waya wa Cat5e au Cat6, ambao hufanya kazi hadi umbali wa mita 100 na hupitishwa kwa urahisi kando ya sakafu. Kuta za mawe ya Ndarugu, zilizo katika majengo mengi ya Nairobi, hulidhoofisha wimbi la gigahezi 5, ilhali wimbi la 2.4 katika jengo la magorofa limejaa ruta za majirani. Kwa anayelazimika kutumia Wi-Fi, ruta isogezwe iwe chumba kimoja na mchezaji, au angalau imwone kupitia mlango ulio wazi, na atumie gigahezi 5. Ikibidi kutumia 2.4, achague chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, badala ya zile za katikati ambazo huvurugwa na jirani wa kila upande.

Mpangilio uitwao WMM, unaopanga vipaumbele vya pakiti hewani, uachwe umewashwa. Viwango vya Wi-Fi kuanzia 802.11n vinautegemea, na kuuzima hushusha kasi hadi megabiti 54.

Hatua ya tano: pima tena, usogeze kikomo

Rudia kipimo cha mwanzo hatua kwa hatua, kwa saa zilezile za usiku: njia tupu, kisha upakuaji, kisha upakiaji, kisha vyote viwili kwa pamoja. Kama muda wa kusubiri haupandi kwa zaidi ya milisekunde 10 hivi, ongeza kikomo kwa asilimia 2 na upime upya, ukiendelea hadi utakapoona namba zikianza kuyumba, ndipo urudi nyuma hatua moja. Kama bado unapanda sana, shusha hadi asilimia 85. Shughulikia upande mmoja kwa wakati. Ukibadilisha kupakia na kupakua kwa pamoja hutajua upande upi ulioleta nafuu. Upande wa kupakia huwa na madhara zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hata upakuaji hutegemea majibu madogo yanayorudi kwa mtumaji, na majibu hayo yakikwama kwenye foleni, upakuaji wenyewe huzorota.

Jaribu pia kwa hali halisi. Mtu aangalie YouTube kwenye runinga huku wewe ukiutazama mstari wa pingi ndani ya mchezo. Video haitiririki sawasawa. Huletwa kwa vipande, kila kipande kikipakuliwa kwa kasi yote iliyopo kwa sekunde chache, kisha kimya, kisha kipande kingine. Kukwama kunakojirudia kila baada ya sekunde kadhaa, ambako wachezaji wengi hukudhania kuwa ni hitilafu ya seva, mara nyingi hutokana na mwenendo huu, na mpango mzuri wa foleni hukuondoa kabisa.

Intaneti ya 4G, 5G na setilaiti

Njia hizi zina ugumu wake, kwa sababu kasi yake hubadilika kila dakika kulingana na msongamano wa mnara au nafasi ya setilaiti. Kikomo ulichokiweka saa moja jioni kinaweza kuwa juu ya kasi halisi ifikapo saa tatu, na foleni ikahamia tena nje ya ruta yako. Pima kwa siku kadhaa, chukua kasi ya chini inayojirudia, na uweke kikomo kidogo chini ya hapo, hasa upande wa kupakia, ambao kwenye mitandao ya simu huwa mwembamba. Watumiaji wa OpenWrt wanaweza kuongeza hati ya `cake-autorate`, ambayo hupima muda wa kusubiri mfululizo na kukisogeza kikomo chenyewe. Wenye Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, wataiweka ruta ya kampuni katika hali ya kupitisha tu, kisha wachomeke ruta yao wenyewe. Bado watabaki na mtikisiko mdogo unaotokana na kubadilishwa kwa setilaiti, ambao hakuna foleni inayoweza kuuondoa.

Yaliyo nje ya uwezo wa foleni

Umbali haufupishwi na ruta. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg kwa mstari mnyoofu ni karibu kilomita 2,900, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 29. Hadi Frankfurt ni karibu kilomita 6,300, yaani milisekunde 63 kwa uchache. Nyaya za kweli hushuka kwanza hadi Mombasa, kisha hufuata mkondo wa bahari, kwa hiyo namba halisi huwa kubwa zaidi. Mchezo unaokuruhusu kuchagua eneo la seva ujaribu Afrika Kusini na Mashariki ya Kati kabla ya Ulaya, na ulinganishe kwa pingi badala ya kukisia kwa ramani, kwa sababu mtoa huduma mmoja anaweza kuwa na njia nzuri ya kusini na mwingine ya kaskazini. Nyaya zikikatika, kama zilivyokatika zile za baharini za EASSy na SEACOM mwezi Mei 2024, hakuna mpangilio wa nyumbani utakaokusaidia hadi meli ya matengenezo imalize kazi yake.

Tatizo jingine linalodhaniwa kuwa la foleni ni kushindwa kujiunga na marafiki au kusikia sauti zao, huku konsoli ikionyesha kwamba NAT, yaani utaratibu wa vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje, ni kali. Tazama anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua milango au kuwasha UPnP, inayoruhusu mchezo ufungue milango wenyewe, kwenye ruta yako hakutafika mbali. Mwombe anwani ya umma, ambayo wengine huitoza ada.

Baada ya kila kitu kukaa sawa, pakua nakala ya mipangilio ya ruta na uihifadhi kwenye kompyuta, maana fundi anayekuja kurekebisha faiba anaweza kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani. Nunua pia betri ndogo ya akiba ya volti 12 inayolisha ruta na kisanduku cha faiba kwa pamoja, baada ya kuhakikisha kwamba vyote viwili vinatumia volti hizo. Ukilisha kimoja peke yake, umeme utakapokatika mechi nayo itakatika.